Vifungo vya Maziwa

Jirani zangu, tulieni niwasimulie yaliyompata MaDlomo, maana naona ugonjwa wake umeanza kubisha hodi kwenye nyumba nyingine.

Nyumba ile ilikuwa na amani. Asubuhi ungemsikia MaDlomo akiimba jikoni, mumewe Tata Gcobani akiota jua kando ya zizi, na mkwe wao mpya, Zoleka, akifagia ua kabla ya kwenda kufundisha shuleni. Mume wa Zoleka alikuwa mgodini, Rustenburg. Mbuzi wa kumkaribisha bibi harusi alikuwa bado hajachinjwa, kwa hiyo maziwa ya zizi la ukweni hakuruhusiwa kuyagusa hata tone. Mila hiyo Zoleka aliishika bila kununa.

Kisha mtindi ukaanza kupungua kwenye kibuyu.

MaDlomo hakumuuliza mtu. Akaanza kunusa vikombe na kumchunguza mkwe mdomo. Siku moja Zoleka akiwa shuleni, aliingia chumbani kwake. Akakuta kitambaa kinachonuka maziwa na, dirishani, vidude vyeupe vya mviringo, vigumu kama mfupa, kila kimoja na matundu mawili. Mtu mwingine angeona vifungo. Yeye aliona macho yanamtazama.

Jioni akavimwaga mbele ya mumewe na mbele yangu, maana aliniita niwe shahidi.

"Haya, mwalimu! Maziwa yetu unakunywa, na yanayobaki unayafanyia uchawi?"

"Si uchawi, Mama. Ni plastiki. Unapasha maziwa moto, unatia siki, yanakatika. Unachuja, unakamua, unafinyanga, unaacha yakauke. Nilikuwa najaribu kabla sijawaonyesha wanafunzi."

"Plastiki ya maziwa! Kesho utaniambia ng'ombe kazaa ndoo!"

"Maziwa nilinunua dukani. Pakiti yake hii hapa."

"Pakiti hata mwizi anaokota."

Zoleka akamgeukia baba mkwe. "Tata, na wewe unaamini hivyo?"

Tata Gcobani akakohoa, akapangusa masharubu, akatazama zizini.

"MaDlomo," nikasema, "si utie hiyo siki mwenyewe uone?"

"Wewe kapike kwako!" Akavitupa vile vidude motoni. Vikanuka kama nywele zinazoungua. "Mmesikia harufu? Nywele za mtu hizo!"

Zoleka akaingia chumbani kwake. Alifunga mizigo, akarudi kwao. Roho iliniuma sana.

Basi, wenzangu, mwizi kaondoka, sivyo? Mbona mtindi uliendelea kupungua? MaDlomo, aliyekuwa hana tena wa kumshuku, alirudi ghafla kutoka bombani, akamkuta Tata Gcobani na kibuyu mdomoni, masharubu meupe.

"Zahanati walinikataza maziwa," mzee akasema. "Niliona aibu kusema."

"Aibu! Ukamwacha mtoto wa watu atukanwe!"

Tukaenda kwao Zoleka kuomba radhi. Akatupokea kwa heshima, akatuletea chai ya rangi.

"Maziwa hakuna, mwanangu?" MaDlomo akauliza.

"Yapo, Mama. Ila naogopa yasije yakapungua ukiwa hapa."

MaDlomo akainamisha kichwa.

"Vile vifungo vilikuwa vya koti lako," Zoleka akaendelea. "Nilikuwa nakuona unalifunga kwa pini."

Pini ilikuwepo hata siku ile, kifuani pake. MaDlomo alilia mpaka chai ikapoa, na Zoleka alimfuta machozi. Lakini kurudi, hakurudi.

Mafunzo

Ukimshuku mtu wa nyumbani kwako, muulize, kisha usikilize jibu kama mtu anayetaka kulijua. Usitafute ushahidi wa jambo ambalo umekwisha kuliamua. Utaupata hata kwenye vifungo. Na wewe unayejua ukweli ukanyamaza, usijidanganye kwamba hukumfukuza mtu. Baridi imeingia sasa. MaDlomo anapita hapa kila asubuhi, pini kaiacha, koti kalishika kwa mkono.