Namba Ileile kwa Siku Kumi na Nane

Kila asubuhi, kabla wenzake hawajapanga mstari, msichana mmoja wa darasa la sita alikinga maji ya tangi la shule kwenye kichupa. Alitia kidonge cha kupimia, akatikisa, akangoja. Maji yakigeuka rangi ya waridi, basi dawa ya kuua vijidudu inatosha. Kisha aliingiza namba ya kiasi cha dawa kwenye kishikwambi, nyota ya kijani ikawaka, na namba ikaenda moja kwa moja makao makuu ya elimu. Kwa kazi hiyo walimbandika jina la Profesa, naye alilibeba kifua mbele, ingawa wenzake hawakumwacha salama.

"Profesa, maji yameamkaje leo?"

"Yanawasalimu."

Siku moja vidonge vikaisha. Mwalimu wa sayansi alisema ataagiza, kisha akasahau. Kishikwambi nacho hakikutaka nafasi wazi. Ukiiacha, kinatoa alama nyekundu. Shule ilikuwa inaongoza wilaya nzima kwa nyota, na kitambaa kilishatundikwa getini: SHULE YA TAIFA LA MAARIFA. Mgeni alitarajiwa kutoka makao makuu kuleta tuzo. "Maji ni yaleyale ya jana," Profesa alijiambia, akaandika sifuri nukta tano. Nyota ikawaka. Kesho yake hakujisumbua hata kufika kwenye tangi.

Siku ya kumi na tano tangu vidonge viishe, watoto wawili wa darasa la kwanza hawakuja. Matumbo, walisema wazazi wao. Kesho yake wakawa saba. Madawati ya mbele yalizidi kubaki matupu, na foleni ya choo cha wadogo haikukatika. Profesa aliacha kunywa maji ya shule bila kumwambia mtu, na jambo hilo lilimtia aibu moyoni kila alipowaona wadogo wakigombania bomba.

Siku ya kumi na nane mdogo wake, waliyemwita Kidoti, alianguka mstarini, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Profesa na walimu walimkimbiza zahanati, ng'ambo ya barabara. Mgeni wa makao makuu, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika na tuzo yake, akawafuata pamoja na mwalimu mkuu.

"Anakunywa maji gani?" muuguzi aliuliza, huku akimtundikia dripu.

"Ya shule," mwalimu mkuu alijibu. "Yanapimwa kila siku."

Mgeni alimwonyesha kishikwambi. "Kijani tupu, mama. Hata leo."

Muuguzi alishusha pumzi. "Basi ni chakula cha majumbani. Waambieni wenzake wanywe hayo maji kwa wingi, wasije wakaishiwa nguvu."

Mwalimu mkuu alishageuka kwenda kutoa tangazo.

"Mwalimu, usiwaambie," Profesa alisema, akimziba njia. "Sijapima. Tangu vidonge viishe natunga namba."

"Unajua unachosema?"

"Ndiyo, mwalimu."

Bomba lilifungwa papo hapo. Fundi alipopanda juu ya tangi alikuta mfuniko umesogea, na ndani panya wawili walioanza kuoza. Alasiri tangi lilikuwa limemwagwa na kusuguliwa, wagonjwa wote wakatafutwa majumbani na kuanza dawa. Jioni Kidoti alifumbua macho, akataka kurudi nyumbani. Profesa alilia bila kujificha.

Muuguzi alimkalisha karibu na kitanda. "Mwanangu, ungeweza kuua, na sitakuficha. Namba yako ilitaka kunipeleka kutafuta ugonjwa pasipo ugonjwa. Kitu ambacho hujakipima, sema sijui. Mtu akisema hajui, wengine watainuka kutafuta."

Kisha akamgeukia mgeni. "Na ninyi? Siku kumi na nane namba ileile. Hakuna aliyeshtuka?"

"Mashine huangalia kama namba imeingia."

"Anayeisoma ni nani?"

Mgeni alifungua orodha ya shule nyingine. Ya kwanza: sifuri nukta tano, mwezi mzima. Ya pili vilevile. Aliendelea kuteremsha, na nyingi zilikuwa hivyohivyo.

"Tunajiita taifa la maarifa," muuguzi alisema taratibu, "na hatujui watoto wetu wanakunywa nini. Zipo shule ngapi humo?"

"Mia tatu na kumi."

Muuguzi alifungua kabati, akatoa boksi la vidonge vya kupimia, akamkabidhi Profesa alibebe.

"Shule iliyo karibu ni ipi?" akamuuliza mgeni.