Kuogopa Maneno ya Watu

"Viatu vya kike namba arobaini na tatu? Dada, hapa tunauza viatu, hatuuzi mitumbwi!"

Soko zima la viatu la Marikina likaangua kicheko. Ilikuwa wiki ya Krismasi na watu walikuwa wamebanana mpaka mlangoni. Minda Lacsamana, mwanamke mrefu wa kuinama kila anapopita mlango, alisimama pale na fulana yake ya timu ya taifa akatamani ardhi ipasuke immeze. Kesho yake binamu yake anaolewa, naye hana cha kuvaa miguuni. Mwanamke huyu aliichezea nchi miaka kumi, na sasa alikuwa kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu. Wasichana walitetemeka akipuliza filimbi. Lakini neno la mpita njia tu lilitosha kumnyima usingizi. Ndivyo alivyoumbwa, na ndilo lililomponza.

"Usimsikilize huyo, anauza plastiki," ilisema sauti kutoka usawa wa bega lake. Alikuwa fundi mwenye aproni ya ngozi, vidole vina gundi, macho yanacheka. "Naitwa Rodel. Kaa, nipe mguu."

"Nikupe mguu mbele za watu?"

"Sasa nitapimaje? Nikisie kama bei ya samaki?"

Minda akakaa, akacheka bila kutaka. Rodel akapima taratibu, kama mtu asiyetaka kumaliza.

"Nikikuwekea kisigino utanizidi zaidi."

"Nimeshakuzidi, kaka."

"Haidhuru. Anayeangalia juu huona mbingu."

Mama yangu! Siku hiyo Minda alisubiri vishonwe, akarudi nyumbani usiku na viatu, na namba ya simu pia. Kuanzia hapo simu haikupoa. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, mfupi wangu." "Umekula nini?" "Wali na samaki." "Na mimi umenikumbuka, au samaki kakusahaulisha?" Ilipofika Pasaka walikuwa wamekubaliana kuoana, na wazazi wa Rodel wakapanga Jumapili ya kupeleka posa.

Sasa sikiliza. Rodel alikuwa na mdogo wake, Analyn, binti wa miaka ishirini na mmoja, mwepesi, mikono haitulii, anampokonya mtu mpira kabla mwenyewe hajajua anao. Kocha mkuu, mzee Baltazar, alimwona kwenye ligi akamwita kwenye kambi ya timu ya taifa, mjini Pasig. Minda hakutia mkono hata kidogo. Lakini kule kambini kila kocha msaidizi huchuja kundi lake mwenyewe, na mzee haulizi. Kundi la Minda ni wale wanaoongoza mpira. Walikuwa wanne, na mmoja lazima aende nyumbani. Analyn alikuwa kwenye kundi hilo.

Wiki ya mchujo, Minda alipita nje ya chumba cha kubadilishia nguo akasikia wasichana wanapiga soga.

"Utashindana na Analyn wewe? Pole, mama! Mwenzio ana wifi kwenye benchi."

"Acha nikatafute kaka wa kumwozesha kocha na mimi!"

Wakacheka. Hawakuwa na ubaya, wasichana ndivyo walivyo. Lakini Minda aliganda ukutani. Akawaza magazetini itakuwaje, kanisani itakuwaje. Alijua Analyn anawazidi wote watatu. Alijua kama anavyojua jina lake. Na asubuhi, baada ya kifungua kinywa, aliposimama kutaja jina la anayeondoka kama ilivyo desturi ya kambi, akamtaja Analyn.

Desturi nyingine ya kambi: aliyetajwa huzunguka meza zote akipeana mikono na kila mtu. Analyn akazunguka. Alipofika kwa Minda, kiganja chake kilikuwa baridi.

"Asante kwa mafunzo, kocha," alisema.

Minda hakuweza kumtazama.

Jioni Rodel akapiga simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula." Hakuwa amekula tangu asubuhi.

"Analyn yuko hapa analia. Eti umemwacha kwa sababu yangu. Nimemgombeza!"

"Rodel, ngoja..."

"Ngoja wewe, nimalize. Nimemwambia Minda ninayemjua mimi hapindishi mambo. Akisema hutoshi, hutoshi. Jumapili atakuomba radhi, nimeshamwamuru."

Pale ndipo pa kusema. Kweli si ilikuwa mdomoni? Akaimeza, akasema, "Usimgombeze sana." Lo! Usimgombeze sana! Hayo ndiyo maneno aliyoyaona yanafaa.

Jumapili ikafika. Wazazi wa Rodel walipanda ngazi za nyumba ya mama Minda na masinia ya tambi, nguruwe wa kuchoma na keki za mchele, wamevaa nguo za kanisani. Rodel alivaa shati jeupe la kutarizi, nywele kazilaza kwa mafuta. Minda alikuwa na gauni la samawati na uso wa mgonjwa. Analyn akaushika mkono wa mama Minda, akauweka kwenye paji lake la uso kwa heshima, kisha akaanza kupakua chakula. Hakuna mtu aliyemwomba.

Baba yake Rodel akasafisha koo. "Kabla hatujasema lililotuleta, nina neno. Binti yangu hakutosha, si aibu. Ila mimi nimefurahi. Mwanangu anaoa mwanamke asiyependelea hata jamaa zake. Analyn, sema ulichokuja kusema."

Analyn akaweka sinia chini. "Dada Minda, nilikusema vibaya. Naomba unisa..."

"Usiniombe radhi!" Minda alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Usiniombe. Ulitosha. Uliwazidi wote. Nilikuacha kwa sababu niliogopa watu watasema."

Mama Minda akajishika mdomo.

"Nilitosha?" Analyn aliuliza polepole.

"Ulitosha."

Analyn akamgeukia kaka yake. Alimtazama tu, na Rodel akainamisha kichwa kile chenye mafuta mpaka kidevu kikagusa shati.

Mama yake Rodel akachukua mkoba. "Chakula kibaki, chakula hakina kosa," alisema. "Posa tunarudi nayo."

Usiku ule Minda alipiga simu mara chungu nzima. Mwisho Rodel akapokea.

"Nisamehe."

"Nilikuwa najigamba sokoni juu yako, unajua? Mchumba wangu hana upendeleo. Kumbe unao."

"Sikumpendelea mtu!"

"Ulijipendelea wewe. Umenifanya nimdhalilishe mdogo wangu kwa kukuamini. Mimi nitamtazamaje?" Simu ikakatika.

Kesho yake Minda alisimama mbele ya timu nzima akasema yote, bila kujitetea. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Mzee Baltazar alimsikiliza hadi mwisho.

"Orodha ya mwisho ya timu bado haijatumwa," alisema. "Analyn arudi leo. Wewe funga virago. Muoga hakai kwenye benchi langu."

Na habari zikaenea, tena kwa kasi kuliko alivyowahi kuogopa. Kanisani wanawake waligusana viwiko. Minda akasema moyoni: basi, maneno ndiyo haya. Nimeyakimbia, yamenikuta, na bado napumua. Lakini Rodel simu hapokei.

Ndipo akafanya jambo ambalo mtaa wa Marikina haukuwahi kuona. Jumapili ya mapumziko ya timu, Analyn akiwa nyumbani, alimchukua mama yake na mjomba wake, wakabeba masinia, wakaenda kwa miguu kuanzia kituo cha basi mpaka nyumbani kwa Rodel, yeye mbele, mrefu kuliko wote. Madirisha yakafunguka.

"Jamani, mwanamke anakwenda kuposa!"

"Usiinamishe kichwa, mwanangu," mama yake alinong'ona huku mwenyewe kainamisha.

Baba yake Rodel akasimama mlangoni, mikono kifuani. Nyuma yake Rodel, hajanyoa, kakonda.

"Mmekuja kuomba nini?"

"Nimekuja kuomba radhi kwa Analyn," Minda alisema kwa sauti ya kusikika barabara nzima. "Nilimdhulumu kwa woga. Na kama bado kuna nafasi, nimekuja kumposa Rodel."

Mtu akapiga mluzi. Watoto wakashangilia. Baba mtu akamtazama mwanawe, kisha akasogea pembeni. "Aliyekosewa ndiye atakayejibu."

Analyn akatokea na nguo za mazoezi, akamtazama Minda juu mpaka chini. Wakati ule Minda aliona heri angekufa kuliko kusubiri.

"Sijakusamehe yote," Analyn alisema. "Bado naumia nikikumbuka zile meza. Lakini ingia, dada, ukae ule."

Minda akaingia. Rodel akavuta kiti, akakiweka karibu na chake.

"Umekonda," Minda alisema.

"Na wewe."

"Sikuwa na wa kuniuliza kama nimekula."

Minda akaanza kulia, machozi na kamasi, majirani wamejaa dirishani, wengine na simu mkononi. Mama yake akamsukumia kitambaa ajifunike. Akakirudisha mezani, akaacha wamwone.