Jioni Niliyokiaga Kijiwe cha Mama Loveness

Nilikuwa nimetoka kununua mkate tu.

Ilikuwa saa kumi jioni, lakini huku Poland mwezi wa kwanza saa kumi giza limeshaingia. Theluji ilikuwa imeganda barabarani, inalia chini ya viatu kama mtu anatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Simu ikaita. Video. Maige.

Maige nimekua naye Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Shule moja, na kila jioni benchi moja, kwa Mama Loveness. Kibanda cha mabati, jiko la mafiga matatu, chai na michembe kwa karanga. Tulibishana mpira pale. Tulisikia pale nani kapata dhahabu na nani kafukiwa shimoni. Baba yangu alipofariki, pale ndipo nilipolilia. Mama Loveness hakuniambia nyamaza. Alinimiminia chai tu, akakaa.

"Evance, ndugu yangu, leo ndiyo mwisho," Maige akasema. "Kiwanja nimekinunua. Kesho tunachimba. Dhahabu iko hapa hapa, chini ya jiko."

Ukiwa mbali, mambo ya kwenu yanaamuliwa, wewe unapewa taarifa.

"Nimekupigia upaage. Wewe ndiye uliyepapenda kuliko sisi wote."

Nyuma yake alisimama mtu nisiyemjua. Alivaa koti jeusi la mvua, na pale mvua ilikuwa hainyeshi. Hakusalimia. Hakupepesa jicho.

"Anza na benchi. Litaje, halafu sema kwaheri," Maige akasema.

Nikacheka. "Haya. Kwaheri, benchi."

Kwaa!

Benchi likakatika katikati. Hakuna aliyekuwa amelikalia.

"Mchwa hao," Maige akasema haraka. "Jiko sasa."

Kuni zilikuwa zinawaka vizuri, sufuria juu yake inachemka.

"Kwaheri, jiko."

Moto ukazima.

Haukufifia. Ulizima... fyuu... kama kibatari kilichopulizwa. Na hapo nikasikia harufu. Mimi, katikati ya theluji, nikasikia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, na udongo mbichi, ule mwekundu wa chini kabisa shimoni.

"Maige... huyo nyuma yako ni nani?"

"Fundi." Akajibu bila kumgeukia. "Malizia, mtandao utakata."

Akageuza simu. Mama Loveness alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, mikono mapajani kama mgonjwa anayesubiri kubebwa.

"Shikamoo, mama!"

Hakuitikia. Tangu nimjue hajawahi kuiacha shikamoo yangu hewani. Midomo yake ilicheza. Picha ikaganda, ikarudi. Sauti ikaja nusu.

"...niage, ng'wanone..."

Niage, mwanangu. Ndivyo nilivyosikia. Machozi yakanitoka.

"Kwaheri, Mama Loveness," nikasema. "Asante kwa yote."

Macho yake yakapanuka. Simu ikakatika.

Nilisimama pale na mkate wangu, nikiirudia ile sauti kichwani. Kabla ya "niage" midomo yake ilikuwa imesema kitu kingine. Kifupi.

Usi.

Usiniage.

Nilipiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena na tena mpaka vidole vikafa ganzi.

Asubuhi akapiga Loveness, binti yake, aliyeolewa Mhunze. Alinong'ona. Mama yake alikutwa palepale mkekani, hana jeraha. Daktari aliandika kwamba moyo ulisimama. Lakini wanawake waliomwosha walikuta kinywa kimejaa udongo mwekundu.

"Kaka Evance," akasema, "ulimwambia nini mama?"

Nikamweleza yote.

"Wanasema kuna dhahabu haitaki damu," akasema. "Inataka kitu kinachopendwa, kiachiwe kwa mdomo wa anayekipenda. Wanasema tu. Mimi sijui, kaka."

Hakunipigia tena.

Ningekwenda wapi? Polisi? Niwaambie nimemuua mtu kwa kwaheri? Na nikitoka Poland kabla kibali changu cha kuishi hakijatoka, sirudi. Wiki ya pili nikasikia shimo la Maige limetema dhahabu. Wiki ya nne nikasikia imekatika ghafla, watu wanapandisha mawe matupu.

Juzi mama yangu akapiga video kutoka Ushirombo, anakoishi siku hizi.

"Ona nani kanitembelea!"

Maige. Amekonda, mashavu yameingia ndani. Ameleta mchele na sukari. Hakunitazama usoni.

"Mama, mfukuze huyo."

"Eh! Nimfukuze? Mwenzio kaniahidi kunijengea choo, wewe unasema nimfukuze?"

"Mayu, mama yangu, nakuomba. Nenda kwa padre. Nenda misheni ukalale huko."

Akacheka. Akanieleza habari za mahindi na za mbuzi aliyezaa. Nami niliogopa hata kumwambia usiku mwema. Nikakata simu katikati ya maneno yake.

Jana akapiga tena, jua linazama kwao. Macho yalikuwa yamevimba.

"Nimekukosea nini, Evance? Unanikatia simu kama si mimi niliyekuzaa. Maige anasema Ulaya imekuharibu. Kaniambia nikuombe neno moja tu la kuagana, roho yangu itulie."

Niliziba mdomo kwa viganja viwili.

"Sema basi, ng'wanone."

Picha yake ilikuwa imekaa upande, sikio moja halionekani. Ndipo mkono ukatokea pembeni, mkono wa koti jeusi unaodondosha maji, ukaisogeza simu taratibu... mpaka uso wa mama yangu ukakaa katikati.

Mama hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi, akisubiri.