Mlio wa Pikapu ya Usumani

Ndugu zangu wa mtaani, haya niliyaona hapa hapa Biryogo, mwaka huu wa 1992.

Asubuhi ile ilikuwa tulivu. Vyerehani vilikuwa vimeanza kazi, na Usumani, muuza vitambaa, alikuwa amelala chini ya pikapu yake na spana mkononi. Mgeni asiyemjua akasimama langoni.

"Amakuru, habari zako, Muze? Mimi Salvator, natoka Masaka, huko mbele ya Kicukiro. Niko jirani ya mama mkwe wako."

Usumani hakutoka chini ya gari. "Sema ulichotumwa."

"Mkeo Shakira yuko tayari kurudi. Uje Jumapili kabla ya adhuhuri. Lakini usije peke yako."

Nani asiyeijua desturi hii? Mke akirudi kwao kwa hasira, mume humfuata na mtu wa kumsemea. Anayekwenda peke yake huonekana hana hata mmoja wa kumdhamini.

"Nitafika," Usumani alisema. "Na mtu."

Mgeni aliondoka bila kupewa hata kiti. Usumani akatafuta moyoni ni nani wa kwenda naye, asimpate.

Naomba msimcheke. Siku hizi za vita hofu imeingia kila nyumba, naye aliikaribisha kuliko wengine. Alishuku kila salamu. Alimkataza mkewe kupokea wageni, mpaka Shakira akasema, "Nyumba hii iko kama kaburi," akafunga nguo zake. Kisha pikapu ikaanza kulia huko nyuma, tak-tak-tak. Usumani akatangaza mbele ya msikiti kwamba fundi Gasana, aliyeitengeneza mara ya mwisho, ameilegeza makusudi.

Tangu hapo aliutafuta mlio ule mwenyewe, miezi miwili. Alifungua milango, akang'oa kiti, akakaza kila nati. Akisimamisha gari, mlio unakoma. Akiendesha, unaanza, naye yuko kwenye usukani. Jioni alikula wali baridi kwenye sufuria, akisikiliza wenzake wakicheka mkahawani ng'ambo ya njia.

Ijumaa alikwenda karakana ya Gasana.

"Leo umepotea njia?" Gasana aliuliza bila kuinua kichwa.

"Gari inalia bado."

"Kumbe. Na mimi sijaigusa miezi miwili. Basi nina mkono mrefu."

Mafundi wakacheka. Usumani akasubiri wamalize. "Nilikukosea, Gasana. Nisaidie."

Gasana akafuta mikono taratibu. "Mlio wa gari hautafutwi na mtu mmoja, Muze. Mmoja anaendesha, mwingine anasikiliza. Ingia."

Gasana akalala kifudifudi ndani ya bodi ya pikapu, sikio kwenye bati, Usumani akashika usukani, wakateremka polepole njia ya mawe. Ghafla akagonga kioo. "Simama. Iko hapa."

Bolti ya springi ilikuwa imepasuka ndani. Gari likitulia, ilionekana nzima, likitikisika, ufa ulifunguka, ikagonga.

"Imechoka tu," Gasana alisema. "Hakuna mtu aliyeilegeza. Lakini usiendeshe nayo mlimani. Bolti mpya sitaipata wiki hii."

"Nimeahidi kufika Masaka Jumapili, tena na mtu." Usumani akainamisha kichwa. "Sina mtu."

Gasana akajipangusa vumbi. "Tunatoka saa ngapi?"

Walitoka alfajiri kwa miguu. Usumani alivaa viatu vyake vizuri, vikamchubua visigino kabla hawajafika Kicukiro. Hakurudi. Jua lilikuwa bado halijafika utosini alipoingia uani kwa mama mkwe, suti vumbi tupu, akichechemea.

Gasana akasimama mbele ya wazee. "Huyu alinichafua mbele ya msikiti. Kisha alikuja mwenyewe kuomba msamaha. Leo mimi ndiye ninayemsemea."

Shakira alichungulia barabarani. "Gari iko wapi?"

"Imebaki," Usumani alijibu. "Nimekuja na mtu."

Shakira akaenda kuleta maji. Alimpa Gasana kwanza, kama mgeni wa nyumba yao.

TUNACHOJIFUNZA

Anayeshuku kila mtu hubaki na nyumba isiyobishwa hodi. Ukikutana na jambo usilolielewa, usianze kwa kutafuta adui. Tafuta mwenzako mlichunguze pamoja. Na ukimkosea mtu, rudi kwake yeye mwenyewe, hata kama watakucheka. Naamini hapa kwetu bado tunaweza.