Jina Lililotajwa Wodini

Shuka la Levi lilikuwa kavu, lakini lilinuka tope la ziwani. Nesi Bhoke alikuwa amelibadilisha mara mbili tangu mvuvi huyo wa kisiwa cha Remba aletwe, amefungwa kamba, kwenye wodi ya dharura ya wagonjwa wa akili mjini Migori. Harufu haikuondoka.

Bhoke aliandika hata hilo. Kila robo saa alikagua mikono ya Levi, akaandika saa, akatia sahihi. Rispa, mwenzake wa kazi kwa miaka tisa, ndiye aliyemfundisha hivyo: kesi ikifika kortini, faili ndiyo itakayokutetea.

Saa nane unusu mchana Levi alipanua kinywa, na bila midomo kusogea, sauti ya mwanamke ikatoka.

"Huyu nimemchoka. Nitajieni mwingine, nimwache."

Kalamu ya Bhoke ikakimbia: *Sauti ya kike imetoka kwa mgonjwa. Tumesikia mimi na Nesi Rispa.*

"Usiandike hiyo, nyamera, dada yangu," Rispa alinong'ona.

"Si tumesikia sote? Kaa naye, nimwite daktari."

Alipofika mlangoni alisikia nyuma yake, polepole, kama mtu anayesoma kadi ya kliniki: "Bhoke Matiko, wa Kegonga."

Akageuka. Levi alikuwa ameketi, ametulia, akiomba uji. Rispa aliangalia sakafu.

"Rispa! Umenitaja?"

"Hilo pepo lilikuwa linaniangalia mimi, nyamera. Niko na watoto."

"Na mimi sina?"

Daktari Maranga aliingia kukagua wagonjwa, akasoma faili, akainua kichwa. "Nesi Rispa, wewe pia ulisikia hiyo sauti?"

Bhoke alimtazama mwenzake, yule aliyelala kwake wiki nzima kumliwaza alipofiwa na mama, aliyembebea mtoto siku ya ubatizo, akingoja neno moja tu, ndiyo, huku kitu baridi kikimpanda kutoka nyayoni, kikipita magoti, kikipita tumbo, kikitafuta koo lake.

"Hapana, daktari. Mimi sikusikia kitu. Nesi Bhoke amekuwa hivi tangu asubuhi."

Wakamlaza kitanda cha pili, wakamfunga. Bhoke alitaka kulia, lakini kinywani mwake kikatoka kicheko cha mwanamke asiyemjua.

"Ahsante, Rispa. Umenipa nyumba nzuri."

Rispa alifungua faili mpya. Mwandiko wake ulisomeka vizuri: *Saa tisa kamili. Mgonjwa anaongea peke yake.*