Shavu la Japani, Shavu la Korea

Kitendawili! Nawe useme: Tega.

Haya. Nguo niliyozaliwa nayo, kila siku naifua, na sijaivua hata mara moja. Ni nini hiyo?

Usinijibu mbio. Ukishindwa, desturi yetu waijua: unanipa mji, nami nikiupenda nakupa jibu. Mjukuu wangu Israa alinipa miji mitano na yote niliikataa. Kumbe jibu alikuwa akilipaka mafuta asubuhi na jioni, mbele ya kioo.

Mwaka ule wa 2006 tulikuwa tunakaa Ibra, huku Omani, mimi na binti yangu, ambaye ni muuguzi, pamoja na watoto wake wawili. Nadhir alikuwa na miaka kumi na sita na ulimi mrefu kuliko miguu yake. Israa alikuwa na kumi na miwili. Mama yao akirudi kazini jioni, kwa hiyo mchana wote ulikuwa wangu.

Basi la shule likimshusha Israa getini, utamsikia kabla hujamwona. "Shikamoo, Bibi!" "Marahaba, mwanangu, kawa liko mezani, funua ule." Atakula wali na samaki, atatawadha, atasali, kisha atakuja chumbani kwangu kulala usingizi wa mchana. Alilala kwa ubavu wa kulia, kama nilivyomfundisha tangu mdogo, kwani hiyo ndiyo sunna. Kichwa juu ya paja langu, shavu la kushoto linatazama dari.

Kile chumba mchana kilikuwa kama ndani ya ndoto. Pazia la kijani liligeuza jua kuwa maji. Kiyoyozi kilivuma neno moja tu, na nje, nyuma ya ukuta, falaji, ule mfereji wa maji, ilipita polepole chini ya mitende. Mimi nilikuwa na mrashi wangu wa maji ya mawaridi, yale ya Jabal Akhdhar. Nilijitilia matone mawili kiganjani, nikampapasa shavu, nikamtegea vitendawili mpaka pumzi yake ikawa ndefu. Nilifanya hivyo tangu yuko kwenye nepi. Mkono wangu ulikuwa haungoji ruhusa yangu.

Alhamisi moja akaja Khaloo wake, Shukriya, binti yangu mdogo. Shukriya alikuwa anafanya kazi ya maabara katika kiwanda cha gesi, kule karibu na Sur. Gesi hiyo hupozwa mpaka iwe maji, na meli huichukua hadi Japani na Korea. Kazini walimpeleka kwenda kusoma, mwezi mmoja Japani na mwezi mmoja Korea, akarudi na mifuko miwili ya karatasi. Alipoimwaga kitandani, vichupa vilijaa kama kwenye duka la dawa.

"Hivi vyote ni vya uso mmoja?" nikamuuliza.

"Mmoja, Mama."

"Basi huyo mwenye uso anapata saa ngapi ya kupika?"

Israa alicheka mpaka akakaa chini. Shukriya akamwonyesha taratibu, nami nikasikiliza, maana masikio hayazeeki upesi.

"Japani," alisema, "vitu ni vichache lakini hawana haraka. Kwanza mafuta ya kuyeyusha uchafu. Halafu sabuni, unaipiga mpaka iwe povu zito, na povu ndilo linalogusa uso, vidole havisugui. Kisha haya. Wenyewe wanayaita losheni, lakini ni mepesi kama maji. Unayabonyeza kwa viganja, taratibu. Mwisho maziwa haya kidogo, basi."

"Na Korea?"

"Korea nao wanaanza na mafuta na povu. Lakini baada ya hapo, tabaka juu ya tabaka. Maji, halafu maji mazito, halafu maziwa, halafu krimu. Chepesi kwanza, kizito baadaye. Na mara mbili kwa wiki unalala na kitambaa hiki chenye maji, kina matundu ya macho na pua."

"Nimefahamu," nikasema. "Mjapani ni kahawa, kikombe kimoja na subira. Mkorea ni manda za sambusa, jani juu ya jani."

"Ipi bora, Khaloo?" Israa akauliza.

Shukriya akainua mabega. "Mimi sijui, habibti. Mtu wa maabara hasemi asichokipima."

Neno hilo likamwingia. Shuleni kwao Abla Ghanima, mwalimu wa sayansi, alikuwa ametangaza maonyesho. Kila wasichana wawili walinganishe vitu viwili kwa jaribio la kweli, na washindi watakwenda Muscat. Mwenzake Israa alikuwa Huwaida, rafiki yake wa chanda na pete. Uso wa Huwaida ulikuwa ukikauka na kuchanika kila upepo wa mchanga unapovuma, hata wasichana wengine wakamwita Gamba. Yeye alijifanya hasikii. Lakini mimi nilimwona siku moja akipita mbele ya kioo chetu amefumba macho.

"Shavu langu la kulia Japani, la kushoto Korea," Israa alimwambia. "Siku kumi na nne. Wewe utatazama na kugusa kila asubuhi, utaandika."

"Na itakayoshinda," Huwaida akasema, "baba ameshaniahidi, ataniagizia kwa Khaloo wako. Kwa hiyo nipatie ya kweli, Israa. Mimi sina uso wa kubahatisha."

Wakaandika masharti kwenye daftari. Kitu kingine chochote kisiguse uso. Hapo wakabishana juu ya maji ya udhu, mpaka wakakubaliana kwamba udhu hauharibu kitu, kwa kuwa unafika pande zote mbili sawasawa.

Nyumba ikageuka maabara. Kile kitambaa cha Korea walikikata katikati kwa mkasi, nusu moja wakaihifadhi kwenye friji pembeni ya maziwa ya labani. Nadhir akafungua friji, akapiga kelele, "Nani ameacha nusu ya uso wake humu?" Na kila Israa alipopita alimuuliza, "Una pasipoti? Naona unavuka mpaka wa pua."

Mchana tukaendelea na usingizi wetu. Nilimtegea kile kitendawili cha nguo.

"Nakupa Tokyo, Bibi."

"Sitaki, kuna baridi. Mifupa yangu ya Unguja."

Kesho yake akanipa Seoul. Nikasema kule sina wa kuzungumza naye. Akanipa Tanuf, nikasema pale maji mazuri lakini nyumba zimebomoka. Akanipa Aija na nyumba zake zote za matajiri. Akanipa Al Qabil na mitende yake. Nikakataa, nikicheka, huku mkono wangu ukienda na kurudi.

Siku moja, amefumba macho, akanong'ona, "Bibi, uso wangu ni ramani. Meli zinatoka Sur. Zinapita nyuma ya pua, pole pole, zimebeba baridi nyeupe. Moja inakwenda kulia, moja kushoto. Ile ya kushoto inanukia mawaridi."

Nikadhani anaota. Nikampapasa tena.

Siku ya kumi na nne Huwaida alikuja na daftari limejaa. Shavu la kulia lilikuwa zuri, laini. Lakini la kushoto! Lilikuwa kama kitambaa cha hariri. "Korea," Huwaida aliandika kwa herufi kubwa. Abla Ghanima alipoona naye akasema kazi hiyo yafaa kwenda Muscat. Ikabaki karatasi moja tu.

Asubuhi ya maonyesho Israa akanipa karatasi hiyo na kalamu. Mimi nilisoma Unguja mpaka darasa la sita tu, lakini herufi za Kiarabu nazijua tangu chuo cha Kurani. Nikasoma polepole: Mimi niliyekuwa na mwanafunzi nyumbani nashuhudia kwamba hakupakwa kitu kingine chochote usoni.

Nikainua kalamu kutia saini. Vidole vyangu vikapita karibu na pua yangu. Vikanukia.

Nikaiweka kalamu chini. Nilihisi kama mtu aliyejikuta amevaa viatu vya mwenziwe msikitini.

"Israa," nikasema, "mkono huu una waridi. Kila mchana, siku kumi na nne, shavu la kushoto. Siwezi kushuhudia."

Hakushangaa. Akashika mkanda wa mkoba wake, akautazama.

Ndipo nikamuuliza, "Mchana ninapokupapasa, mwanangu, huwa umelala au u macho?"

Nje basi likapiga honi.

"Bibi, tia tu. Walahi basi litaniacha."

"Nimekuuliza."

"Kwani waridi ni kitu, Bibi? Ni maji tu!"

"Kama ni maji tu, yaandike."

Macho yakamjaa machozi. Akaichukua karatasi haina saini, akakimbia. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Nikabaki nikijua kwamba jina langu ni fupi, na mtoto yeyote anaweza kuliandika.

Saa nne nikapanda teksi, nikaenda shuleni. Ukumbi ulikuwa umejaa akina mama na manukato yao. Nikakaa nyuma kabisa. Israa na Huwaida wakapanda jukwaani, Huwaida amefunga mtandio mpya, anatabasamu. Israa akasoma Japani, akasoma Korea, akaonyesha michoro. Akafika mwisho wa karatasi. Nikasikia feni zinavyozunguka.

"Hapa palitakiwa saini ya bibi yangu," akasema. "Bibi hakutia. Shavu langu la kushoto halikuwa na Korea peke yake. Lilikuwa na Korea na Bibi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akaeleza habari ya waridi na ubavu wa kulia, kisha akasema, "Kwa hiyo hatujui lililo bora. Msinunue kwa sababu yetu." Kicheko kikakoma.

Abla Ghanima akasimama. "Jaribio limeharibika," alisema, "na Muscat watakwenda wenzenu waliopima maji ya falaji. Hiyo ndiyo sayansi, haina huruma. Lakini ningepewa kuchagua kati ya jaribio lililoharibika na mtu aliyeharibika, ningechukua jaribio."

Huwaida alishuka jukwaani bila ya kumngoja mwenzake. Mlangoni akageuka, macho mekundu. "Siku zote hizo, Israa! Ulikuwa husikii mkono usoni mwako?"

"Nilikuwa nimelala," Israa akajibu.

Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia. Nikanyamaza, kwani mkono uliotia waridi ni wangu, na mimi nilikuwa na aibu yangu ya kumeza. Jioni nilikwenda kwa mama yake Huwaida kuomba radhi.

Huwaida alinuna siku tatu. Siku ya nne akaja na daftari jipya, akalitupa mezani. "Siku ya kwanza," akasema. "Na Bibi, uniwie radhi, utafungiwa mrashi wako."

"Ufunge, mwanangu, na ufunguo uchukue."

Wakaanza upya, siku nyingine kumi na nne. Mchana nilikaa nimekunja mikono kwapani kama mwizi. Mwisho wake Huwaida aligusa shavu hili, akagusa lile, akafumba macho akagusa tena. Hakuona tofauti. Kwa uso wa Israa, Japani na Korea zilitoka sawa, ila Korea ilichelewesha chakula cha jioni. Na kama ni waridi lililoshinda mara ile, au ule mkono tu, Abla alisema halijapimwa.

Baba yake Huwaida hakuagiza kitu. Alimpeleka kwa daktari wa ngozi, naye daktari akampa mafuta mazito yasiyo na harufu, ya kupaka uso ukiwa bado na umaji. Manukato yoyote, daktari alisema, yangemchoma. Fikiria basi kama angefuata lile daftari la kwanza, akajipaka yale maji na krimu za kunukia! Baada ya mwezi mipasuko ikaanza kufunga, na akapita mbele ya kioo chetu macho yamefunguka.

Siku hiyo mchana Israa akalala pajani kwangu. Pazia la kijani, falaji, lile neno moja la kiyoyozi. Mikono yangu iko kavu.

"Bibi, ile nguo. Ni ngozi."

"Ahsante! Umenifunga mdomo. Umejuaje?"

"Huwaida. Nilimwona anajipaka, nikaona hawezi kuivua."

"Ndivyo. Ndiyo maana mtu haichezei kwa kusikia tu, wala haendi na lililomfaa mwenziwe." Nikatazama lile shavu la kushoto. "Na ukweli nao ni nguo ya namna hiyo, mwanangu. Umeuvaa mbele ya ukumbi mzima, nami nilijivuna. Lakini hauvaliwi shavu moja, la pili likaachwa wazi. Mimi nina swali langu tangu asubuhi ile ya basi. Sijapewa jibu, wala mji."

Nikadhani usingizi umemchukua. Kisha akageuka, akalala chali, uso wote ukatazama juu, Japani na Korea pamoja.

"Kesho nitamwambia na Huwaida," akasema.

"Utamwambia nini?"

"Kwamba nilikuwa macho, Bibi. Siku zote kumi na nne."