Mstari Uliolazwa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Asmahani alimpima bibi yake presha. Waliishi wawili tu Chumbageni, na Bibi Mastura hakukosa la kusema mkanda wa kipimo ulipoanza kumbana.

"Utanikata mkono, we mtoto!" alilalamika huku akicheka.

Asmahani aliziandika namba, na Jumatatu akaenda nazo kwenye chumba cha kompyuta shuleni. Mwalimu Eliudi alikuwa amewafundisha programu ya kupangia vitabu na ripoti. Humo mtu hachori kwa mkono. Huandika maagizo, na programu ikamchorea. Tena kuna mahali pa kupachika agizo lako mwenyewe, nayo programu hulifuata kila inapochora mhimili wa grafu. Kwa njia hiyo Asmahani aliifanya iandike miezi kwa Kiswahili. Mwalimu alimsifu mbele ya darasa, kichwa kikamvimba kidogo.

Grafu ya kwanza aliibandika ukutani, karibu na kitanda cha Bibi. Bibi hakujua kusoma namba, lakini mstari aliuona, na mstari ulikuwa unapanda.

"Masikini mie! Ndiyo nakwenda hivyo?" alisema. Siku ile hakugusa chakula.

Bibi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na Asmahani hakustahimili kumwona katika hali ile. Mwezi uliofuata akapachika agizo jipya: mhimili wa wima uanzie sifuri, ufike elfu moja. Namba za presha hakugusa hata moja. Lakini katika mhimili mrefu namna ile, kile kilima kilionekana kama uwanda.

"Alhamdulillahi, umelala!" Bibi alishangilia.

Tangu hapo Bibi akaanza kuruka vidonge vyake vya presha. Samaki wa chumvi, waliopigwa marufuku na daktari, wakarudi sahanini. Siku ya kliniki ilipofika akasema, "Nikapange foleni ya nini, na mstari umelala?" Asmahani alijua namba zinazidi kupanda. Kila alipotaka kusema, aliutazama uso wa Bibi uliochangamka, akaahirisha.

Maji yakimwagika hayazoleki. Asubuhi moja kikombe kilimponyoka Bibi. Mdomo ulikwenda upande, na mkono wa kulia ukaanguka mapajani, hauna nguvu. Majirani walimkimbiza hospitali, wakaambiwa ni kiharusi.

"Shikamoo, nesi," Asmahani alisema kwa sauti ya kukatika.

"Marahaba. Dawa alikuwa anameza?" aliuliza nesi Ritha.

Asmahani akaangua kilio. Alitoa grafu mkobani, akaeleza yote. Nesi aliisoma karatasi, wala hakumkaripia.

"Namba zako zote ni za kweli," alisema polepole. "Lakini bibi yako hasomi namba, mwanangu. Anasoma mstari, na mstari umemdanganya. Umemficha ugonjwa wake mwenyewe."

Bibi alipopata nafuu na kurudishwa nyumbani, Asmahani alikwenda kuliondoa lile agizo. Mahali pake akaandika jingine, la kupaka rangi nyekundu sehemu ya mhimili yenye hatari. Alimpelekea Bibi karatasi mpya, akapiga magoti kando ya kitanda, akaungama.

Bibi aliufuata mstari kwa kidole cha mkono wa kushoto. Kidole kilipanda, kikapanda, kikasimama kwenye nyekundu. Machozi yalimtoka.

"Ungeniambia, mjukuu wangu," alisema, maneno yakitoka kwa shida. "Ningeogopa, kweli. Lakini ningemeza dawa. Anayekupenda usimpe faraja ya uongo; mpe kweli, kisha kaa naye anapoogopa."

Akautazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya shuka.

"Hofu ningeizoea," akasema. "Huu sijui kama nitauzoea."

Asmahani akainuka. Alimpa kidonge na maji, akasubiri mpaka ameze. Kisha akachukua mkanda wa kipimo na kuufunga kwenye mkono wa kushoto, na safari hii Bibi hakulalamika.